Ukurasa wa Tovuti Unapofika Karatasini: Amana ya Anayechapa



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyewaneemesha waja wake kwa kalamu na maandishi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni namna kurasa za tovuti zinavyotoka zinapochapwa kwenye karatasi. Tumelileta katika safu hii ya familia kwa sababu linagusa funga zetu, swala zetu, elimu ya watoto wetu na mali ya misikiti yetu. Ratiba ya Ramadhani iliyobandikwa jikoni, dua ya safari iliyokunjwa ndani ya pochi ya mama, karatasi ya mafunzo aliyopewa mtoto madrasa, mwongozo wa Hija anaousoma mzee anayejiandaa kwenda Makka: nyingi kati ya hizi siku hizi chimbuko lake ni ukurasa wa tovuti uliochapwa nyumbani, ofisini au kwenye steshenari ya mtaani.

Huenda msomaji akauliza: kila mtu ana simu mkononi, karatasi ya nini tena? Jibu ni kwamba si kila mtu. Wapo wazee wetu ambao simu zao ni za kupigia na kupokelea tu. Wapo watoto ambao wazazi wao, kwa hekima, hawajataka kuwapa simu. Upo ukuta wa msikiti, ambapo muumini anayepita huinua macho mara moja akajua wakati wa iqama. Isitoshe, mwenye kusoma kwenye tovuti akitilia shaka jambo, anaweza kurudi nyuma au kutafuta penginepo. Aliyepewa karatasi hana pa kurudi. Hupokea kilichoandikwa na kukitendea kazi. Kwa hiyo anayechapa amebeba amana ya watu ambao hawana njia ya kumsahihisha.

Kioo hakina mwisho, karatasi inao

Ili tulifahamu tatizo, tuanze na tofauti iliyopo baina ya kioo na karatasi. Kwenye kioo cha simu au kompyuta, ukurasa hauna mwisho maalumu. Msomaji huuteremsha kwa kidole kadiri atakavyo, na maneno hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Karatasi haina hiari hiyo. Karatasi ya A4, ambayo ndiyo tunayoitumia Afrika Mashariki na katika sehemu kubwa ya dunia, ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Chochote kisichoenea humo ama kitasukumwa kwenye karatasi inayofuata, ama kitabanwa mpaka kisomeke kwa taabu, ama kitakatwa na kupotea.

Tuchukue mfano wa khanga. Doti huja ikiwa vipande viwili vilivyoungana, na anayekata akifuata pindo, kila kipande hubaki na mji wake na jina lake. Akikata ovyo, mvaaji huondoka na nusu ya jina. Mashine ya kuchapia hukata namna hiyo hiyo: isipoelekezwa, hukata pale karatasi inapoishia, pawe ni mwisho wa sentensi au katikati ya jedwali.

Liko na jambo la aina ya karatasi yenyewe. Marekani na Kanada hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Baadhi ya kompyuta tunazozitumia zimepangwa kwa karatasi hiyo bila ya wenyewe kujua. Upana wake unazidi ule wa A4 kwa milimita 6, na urefu wake unapungua kwa milimita 18. Tofauti hiyo ndogo yatosha kula ukingo wa jedwali au kusukuma mistari miwili ya mwisho kwenye karatasi ya pili isiyo na kitu kingine.

Uwezo wa kuiongoza mashine upo, wala si mpya. Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, mtaalamu kutoka Norway, alipendekeza lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za tovuti, nayo ikaja kujulikana kwa jina la CSS. Mei 1998, shirika la W3C linaloweka kanuni za mtandao lilitoa toleo la pili la lugha hiyo, na humo zikawekwa kanuni za kutenganisha mwonekano wa kioo na mwonekano wa karatasi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 25 mwenye tovuti ameweza kuagiza: haya yaonekane kwenye kioo tu, haya yaende karatasini, na hapa pasikatwe. Kinachopungua mara nyingi si elimu, bali ni kujali.

Aya inapokatwa katikati

Katika Suratul Maa'un, aya ya nne inatoa onyo kwa wanaoswali. Aya ya tano ndiyo inayobainisha kwamba wanaokusudiwa ni wale wanaozipuuza swala zao. Basi natufikirie karatasi ya mafunzo iliyochapwa kutoka kwenye tovuti, ikaishia kwenye tafsiri ya aya ya nne, na karatasi ya pili ikabaki kwenye mashine au ikapeperushwa na feni. Mtoto aliyeshika karatasi ya kwanza ana onyo dhidi ya wenye kuswali, wala hana kingine. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa, lakini maana imepinduka. Hali ni hiyo hiyo kwa aya ya 43 ya Suratun Nisaa, inayokataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi. Anayesoma katazo akakosa sharti lake, amesoma kinyume cha dini yake.

Walimu wetu wa tajwidi hufundisha elimu ya waqfu na ibtidai, yaani mahali pa kusimama na mahali pa kuanzia, kwa ajili ya kuilinda maana isiharibike kwa kisimamo kibaya. Mwisho wa karatasi nao ni kisimamo. Jicho husimama hapo, atake msomaji asitake.

Waliotutangulia walilitambua jambo hili vizuri. Msahafu maarufu unaochapwa mjini Madina katika kiwanda cha Mfalme Fahd, ulioandikwa kwa hati ya khatati Uthman Taha, una kurasa 604. Kurasa zake, ukiacha zile mbili za mwanzo, zimepangwa kwa mistari 15, na kila ukurasa huishia pale aya inapoishia. Mpango wa kumalizia ukurasa kwa aya ulikuwa umekwisha kujulikana kwa makhatati wa Dola ya Uthmaniya kabla ya mashine za leo. Wanafunzi wa hifdhi wanaijua faida yake: aya hukaa mahali pamoja katika kumbukumbu, na hakuna inayogawanywa baina ya kurasa mbili. Hivyo ndivyo ulivyo mpangilio wa ukurasa unaofanywa kwa heshima ya kilichoandikwa. Hatusemi kwamba kila karatasi ya madrasa ifikie daraja hilo, lakini tunasema kwamba kukata aya ya Allah katikati kwa uzembe si jambo dogo.

Herufi nazo zina haki yake. Herufi za Kiarabu huungana, na umbo la herufi hubadilika kulingana na nafasi yake katika neno. Maandishi ya Kiarabu yakinakiliwa kutoka kwenye tovuti na kubandikwa katika programu isiyoyamudu, herufi zaweza kutoka zimetengana, au neno likajipanga kutoka kushoto kwenda kulia, au irabu zikahama mahali pake. Historia inatukumbusha hatari hii: Msahafu uliochapwa kwa mashine huko Venice, Italia, na akina Paganini kati ya mwaka 1537 na 1538, ulitoka na makosa mengi ya herufi. Leo inajulikana nakala yake moja tu. Mashine haijui thamani ya inachochapa. Anayejua ni yule aliyesimama mbele yake.

Jina la mji likipotea

Sasa tuje kwenye ratiba za swala na funga, ambako kosa la karatasi huwa kosa la ibada.

Tovuti nyingi za nyakati za swala humtaka msomaji achague mji wake juu ya ukurasa, kisha jedwali hubadilika kwa mujibu wa mji huo. Sehemu hiyo ya kuchagulia ikiachwa nje wakati wa kuchapa, karatasi hutoka ikiwa na nyakati zote zilizopangwa vizuri, lakini haina jina la mji. Karatasi hiyo hupigwa picha, hutumwa kwa jamaa, huchapwa tena, na kufika mahali ambapo haikukusudiwa.

Madhara yake tunaweza kuyahesabu. Kwa kila digrii moja ya longitudo, jua huchelewa au hutangulia kwa dakika nne. Dar es Salaam ipo karibu na digrii 39.3 Mashariki, na Kigoma karibu na digrii 29.6. Tofauti baina yake ni dakika 39 hivi, ingawa miji yote miwili hufuata saa moja. Familia ya Kigoma itakayofuturu kwa ratiba ya Dar es Salaam isiyo na jina, itakuwa imekula tende zake jua likiwa bado juu kwa zaidi ya nusu saa. Na familia ya Dar es Salaam itakayofuata ratiba ya Kigoma, itakuwa inakula daku baada ya alfajiri kuingia. Wote wamejinyima na kuamka usiku kwa ajili ya Mola wao, kisha funga yao ikaingia dosari kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi ambao haukufika karatasini.

Liko na tatizo la kichwa cha jedwali. Ratiba ya mwezi ina mistari 29 au 30. Ikigawanyika kwenye karatasi mbili, karatasi ya pili hutoka na tarakimu tupu, bila ya majina ya Alfajiri, Kuchomoza Jua, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha. Msomaji asiye na uzoefu anaweza kuidhani safu ya kuchomoza jua kuwa ndiyo Alfajiri. Na karatasi hiyo ya pili ndiyo yenye kumi la mwisho, siku ambazo waumini huhitaji zaidi kuzilinda nyakati zao.

Na liko tatizo la rangi. Kwa kawaida vivinjari huacha kuchapa rangi za mandharinyuma ili kuokoa wino. Kama mtayarishaji amezitambulisha siku za Ijumaa kwa kijani, au siku za funga za sunna kwa manjano, alama hizo hazitakuwepo karatasini, au zitatoka zote kijivu kwenye mashine ya wino mweusi. Jambo la lazima lisitegemee rangi peke yake. Liandikwe kwa maneno.

Israfu ya karatasi na heshima ya Jina Tukufu

Dua ya mistari minane ikichapwa bila ya uangalizi, yaweza kutoka na karatasi tano: ya kwanza ina menyu ya tovuti, ya pili ina dua, ya tatu na ya nne zina picha za makala nyingine, na ya tano ina mstari mmoja wa haki za mwenye tovuti. Steshenari hutoza kwa karatasi. Ikiwa ni fedha ya mzazi, imepotea. Ikiwa ni fedha ya sadaka iliyotolewa na waumini kwa ajili ya msikiti, wanaoisimamia wataulizwa juu yake. Suratul Israa, katika aya ya 26 na ya 27, imeukemea ubadhirifu kwa maneno mazito, wala haikubagua baina ya ubadhirifu mkubwa na mdogo.

Zaidi ya hasara ya fedha, yapo matangazo. Tovuti nyingi huendeshwa kwa matangazo ambayo mwenye tovuti hakuyachagua moja moja. Kwenye kioo hupita. Karatasini hukaa. Haipendezi hata kidogo mtoto apewe karatasi ya dua ya kulala ambayo pembeni yake pana tangazo la kamari au la mkopo wa riba, naye aibandike juu ya kitanda chake.

Na zile karatasi zilizoharibika, zenye nusu aya na Jina la Allah, huenda wapi? Mara nyingi huishia kwenye pipa la taka la steshenari, au hufungiwa maandazi na karanga. Wanazuoni wametuelekeza kwamba maandishi ya Qur'ani yasiyotumika tena yazikwe mahali safi pasipokanyagwa, au yachomwe moto kwa kuhifadhi heshima yake, wakitegemea kitendo cha Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) cha kuagiza nakala nyingine zichomwe baada ya kusambaza Misahafu iliyokubaliwa. Njia nyepesi zaidi ni kutozalisha karatasi hizo tangu mwanzo.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa

Tunawapendekezea wazazi, walimu wa madrasa na wanakamati hatua zifuatazo. Hakuna inayohitaji ufundi.

Kwanza, fungua ukurasa wote. Teremka hadi mwisho ili picha zote zifunguke, na ubonyeze sehemu zote zilizokunjwa. Aghalabu kilichofichwa kwenye kioo hakitoki karatasini.

Pili, agiza kuchapa, kwa kompyuta nyingi ni kubonyeza Ctrl pamoja na P, lakini usithibitishe bado. Dirisha litakaloonekana linakuonesha karatasi zako kama zitakavyotoka. Zipitie moja baada ya nyingine. Hapa ndipo makosa mengi hukamatwa kabla hayajagharimu kitu.

Tatu, hakikisha ukubwa wa karatasi umewekwa kuwa A4. Kisha chagua kama karatasi isimame au ilale. Jedwali lenye safu nyingi hutoshea vizuri zaidi karatasi ikilazwa.

Nne, tazama kipimo. Jedwali likizidi, lipunguze kidogo kidogo, kwa mfano mpaka asilimia 85, badala ya kuliacha likatwe. Lakini usipunguze mpaka mzee wa miaka 70 ashindwe kuisoma ukutani.

Tano, chagua kurasa unazozihitaji tu. Ikiwa dua ipo ukurasa wa pili, chapa ukurasa wa pili.

Sita, tazama yale maandishi madogo ya juu na chini ambayo kivinjari huyaongeza chenyewe: kichwa cha ukurasa, tarehe, anwani ya tovuti na namba. Kwa kadi ya dua unaweza kuyaondoa. Kwa ratiba na makala za elimu tunashauri yabaki, ili msomaji ajue yametoka wapi na yalichapwa lini.

Saba, kwa makala ndefu, tumia hali ya usomaji iliyopo katika baadhi ya vivinjari, vikiwemo Firefox na Safari. Hali hiyo huondoa menyu na matangazo ikabaki makala. Hata hivyo linganisha na ukurasa wa asili, kwani huweza pia kuondoa jedwali au maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa pembeni.

Nane, kabla ya kwenda steshenari, hifadhi kwanza kama faili la PDF, jambo linalowezekana pia kwa simu nyingi za Android kupitia sehemu hiyo hiyo ya kuchapa. Faili la PDF hubeba mpangilio na herufi zake, hivyo ulichokiona nyumbani ndicho kitakachotoka kule. Ukipeleka anwani ya tovuti au maandishi yaliyonakiliwa tu, umeiachia kompyuta nyingine iamue.

Tisa, toa nakala moja. Isome. Ikiwa sawa, ndipo utoe mia.

Neno kwa vijana wanaojenga tovuti

Misikiti na taasisi zetu nyingi sasa zina tovuti, na waliozijenga ni vijana wetu, Allah awalipe kheri. Kwao tuna maombi machache, nao wanazijua njia zake.

Ndani ya CSS, kanuni zinazowekwa chini ya @media print hufanya kazi wakati wa kuchapa tu. Humo menyu, vitufe na matangazo vifichwe kwa display: none. Ule mwambaa uliogandishwa juu ya kioo ushughulikiwe kwa uangalifu maalumu, kwani wakati wa kuchapa huweza kurudiwa juu ya kila karatasi na kufunika mstari wa maandishi ulio chini yake. Mstari huo unaweza kuwa ni aya.

Vichwa vya safu za jedwali viwekwe ndani ya thead, ili viweze kurudiwa kwenye kila karatasi. Kila aya pamoja na tafsiri yake, na kila dua pamoja na maelezo yake, viwekewe break-inside: avoid ili visigawanywe. Kurasa za karatasi zipangwe kwa A4 na pambizo za kutosha, kwa kuwa wasomaji wetu hutoboa na kuweka kwenye faili. Anwani za viungo ziandikwe kwa maneno, kwani kiungo cha bluu kwenye karatasi hakibonyezeki.

Jina la mji, mwezi wa Hijria na wa Miladia, na njia ya kukokotoa nyakati viandikwe ndani ya jedwali lenyewe, visiachwe kwenye kisanduku cha kuchagulia. Tukiambiwa tuchague ombi moja tu, tungelichagua hili.

Na kuna jambo ambalo huenda likawafurahisha. Wachapaji wa Kiingereza huuita mstari wa kwanza wa kifungu ulioachwa peke yake chini ya ukurasa kuwa ni yatima, na mstari wa mwisho uliotupwa peke yake juu ya ukurasa unaofuata kuwa ni mjane. CSS imeyachukua majina hayo kama yalivyo, orphans na widows, na chini yake huandikwa idadi ndogo kabisa ya mistari inayoruhusiwa kukaa pamoja. Isipoandikwa, huhesabiwa kuwa 2. Umma uliousiwa sana kuhusu mayatima na wajane haupaswi kuwasahau hata hawa wa maandishi.

Mukabala, ada ya wanazuoni

Baada ya hatua zote hizo, bado kazi moja imebaki. Imepokewa kutoka kwa Zayd bin Thabit (r.a.), mwandishi wa wahyi, kwamba alipomaliza kuandika, Mtume (s.a.w.) alimtaka amsomee alichoandika, na kama palikuwa na upungufu akausahihisha. Wanazuoni wa Hadithi wakaifuata njia hiyo katika kile walichokiita mukabala: mwanafunzi aliyenakili kitabu alikaa na asili, akalinganisha neno kwa neno, na pale walipofikia aliandika alama pambizoni ili kikao kinachofuata kianzie hapo. Ibn Swalah ameizungumzia ada hii katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi. Nakala isiyolinganishwa na asili yake haikuaminiwa kwa urahisi, hata kama mwandiko wake ni mzuri.

Karatasi iliyotoka kwenye printa ni nakala. Kwa kuwa inatoka safi na imenyooka, tunadhani imekwisha sahihishwa. Unadhifu si ushahidi wa usahihi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kamati ya msikiti na kila madrasa iwe na watu wawili wa kupitia kila karatasi kabla haijagawiwa: mmoja asome kwenye kioo, mwingine afuatishe kwenye karatasi. Chini yake paandikwe mji, mwezi, chanzo na tarehe iliyohakikiwa. Kwa ratiba ya Ramadhani kazi hii haizidi nusu saa, na ifanywe ndani ya Shaaban, si usiku wa kuandama mwezi, wakati kila mtu anahitaji nakala na hakuna mwenye nafasi ya kuangalia.

Nyumbani, kazi hii inaweza kuwa somo zuri kwa watoto. Mzazi amwambie mwanawe: shika karatasi, mimi nashika simu, tusome pamoja. Mtoto atakuwa ameisoma dua mara mbili, na atakuwa amejifunza kwamba neno la dini halipokewi wala halitolewi kiholela. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni, na imemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa deni la mtu na mtu limepewa uzito huo, basi maandishi yanayowaongoza watu katika swala na funga zao yanastahiki uangalifu usiopungua huo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kuzitekeleza amana zetu, kubwa na ndogo, azikubali funga na swala zetu, na awalipe kheri wote wanaotumikia nyumba zake kwa kalamu, kwa kompyuta na kwa mikono yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.